Mradi ulikatika, sasa naomba kila tangazo la NGO: nianzie wapi nikiwa hapa Tanga?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 28, naishi Makorora, Tanga. Nina shahada ya maendeleo ya jamii. Nilianza kwa kujitolea, baadaye asasi moja ikaniajiri kama afisa wa ngazi ya jamii kwenye mradi wa VVU, Muheza na Mkinga. Mwanzoni mwa 2025 fedha za Marekani zilisimama, mkataba wangu ukaishia njiani. Tangu hapo nasimamia kibanda cha uwakala wa fedha za simu. Naomba kila tangazo la NGO ninaloliona, kuanzia afisa jinsia mpaka msaidizi wa ununuzi, na nimeitwa kwenye usaili mara moja tu. Huko waliniuliza malengo yangu ya miaka mitano, nikajibu kwamba nataka kuisaidia jamii. Niliona kabisa wamepoa. Mjomba anataka nihamie Dar, rafiki yangu anasema nikasome shahada ya uzamili. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, ila naliona limekukaa rohoni. Hukuachishwa kwa sababu ya udhaifu wako. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi mwaka huohuo serikali yake ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada, zimefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kuwa chombo kinachojitegemea. Miradi ya VVU iliegemea sana fedha za Marekani. Kwa hiyo aliyerudi nyumbani si wewe peke yako. Karudi na msimamizi wako, na msimamizi wa msimamizi wako.

Hapo pana jambo la kulifikiria kikazi. Nafasi ya afisa mradi unayoiomba leo inaombwa pia na mtu aliyekuwa meneja mwaka juzi, ambaye sasa yuko tayari kushuka cheo ili watoto wabaki shule. Ukimkabili kwa kusema nawe unaweza kila kitu, atakushinda asubuhi. Unatakiwa umshinde mahali padogo unapopajua kuliko yeye.

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikichambua maombi ya kazi za asasi za kiraia, na mwombaji wa kila kitu namjua kwenye aya ya kwanza. Barua yake inasema "nafasi iliyotangazwa" bila kuitaja, anajisifu kwamba ni mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na faili lake linaitwa "cv mpya mpya 2". Mtu anayesema anatafuta kazi ya NGO ni sawa na anayesema anatafuta kazi ya ghorofani: ametaja jengo, hajataja kazi. Ndani ya shirika kuna fani ambazo hazifanani hata kidogo. Wapo wanaoshinda na jamii, yaani wawezeshaji, wahamasishaji na maafisa wa kata. Wapo wa ufuatiliaji na tathmini, ambao ni watu wa takwimu na ripoti. Kuna uhasibu na usimamizi wa ruzuku, kuna utawala na ununuzi, kuna mawasiliano. Na kuna uandishi wa maandiko ya mradi, ambao kwenye asasi ndogo hufanywa na mkurugenzi mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Fedha zikikata, wanaotangulia kutoka ni wale wa ngazi ya jamii. Anayefunga mlango ni mhasibu, kwa kuwa hata mradi uliokufa unadai vitabu vyake vifungwe na mkaguzi apewe majibu. Sikwambii ukasomee uhasibu. Nakwambia uchague fani ambayo mradi ukifungwa unaondoka nayo, kisha malengo yako uyaandike kwa fani hiyo. Cheo ni cha mradi na mshahara ni wa mfadhili. Ujuzi na ushahidi wake ndivyo unavyobaki navyo.

Sasa wewe una nini? Kwa jinsi miradi ya VVU inavyoendeshwa, nadhani siku zako zilikuwa hivi: unapewa orodha ya wateja waliokosa miadi ya kliniki, unawatafuta majumbani bila jirani kushtuka, unawarudisha kwenye dawa, unajaza fomu, na mwisho wa mwezi unakaa na muuguzi kulinganisha fomu zako na rejista ya kituo. Kama nimekosea kidogo utarekebisha. Hiyo kazi uliiita "kuisaidia jamii" mbele ya jopo, na ukaizika palepale. Jopo lilitaka kusikia kwamba unajua kutunza siri ya mtu, kwamba unaweza kulinganisha takwimu za vitabu viwili na kusema tofauti imetoka wapi, na kwamba unaweza kumpata mtu kijijini kwa maelezo ya "nyumba ya pili baada ya mwembe". Hizi ni sifa za msaidizi wa ufuatiliaji na tathmini, au za afisa mradi wa wilaya ambaye kazi yake ina takwimu nyingi. Ningekuwa wewe ningesimama hapo na kuachana na matangazo ya ununuzi.

Andika lengo lenye mambo matatu: fani, sekta, na ushahidi utakaokuwa mkononi mwako kufikia tarehe unayoijua. Mfano: "Kufikia Desemba nataka niwe nimetengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, nimelikusanyia takwimu, na nimeandika ripoti ya kurasa tatu ambayo asasi moja ya Tanga imeitumia." (KoboToolbox ni programu ya kukusanyia takwimu kwa simu.) Hilo linapimika, na halihitaji mtu akuajiri kwanza. Lengo la miaka mitatu nalo liwe la namna hiyohiyo: kuwa mtu anayeweza kubuni mfumo wa takwimu wa mradi mdogo kuanzia bango kitita, yaani jedwali la malengo na viashiria vya mradi, hadi ripoti ya mwaka. Ya miaka mitano iache iwe pana kidogo, maana hakuna mfadhili anayekuahidi miaka mitano.

Ukiulizwa tena lile swali, jibu kwa namna hii, kwa maneno yako: "Nimefanya kazi ya kufuatilia wateja na takwimu zao ngazi ya jamii. Miaka miwili ijayo nataka niimarike kwenye uchambuzi na uandishi wa ripoti. Ikifika miaka mitano nataka niwe nasimamia takwimu za mradi mzima na kufundisha wanaoanza. Nimeiomba nafasi hii kwa sababu tangazo lenu linataka mtu wa kukusanya taarifa za vikundi vya kata, na hapo ndipo nilipo na nguvu." Utaona sentensi ya mwisho inawarudisha kwenye tangazo lao. Wanapouliza malengo, wasaili wengi wanataka kujua kama utaondoka baada ya miezi mitatu, na kama umesoma walichoandika. Nyota zako hawana haja nazo.

Tuje kwa mjomba. Ana ukweli nusu. Makao makuu ya mashirika mengi makubwa yako Dar na Dodoma, na kazi za fedha, mawasiliano na sera hukaa huko. Kazi za uwandani hukaa kwenye uwanda, na uwanda huu wewe unao. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kutoka ufukwe wa Pangani na Mkinga hadi milima ya Lushoto na Bumbuli, na kazi za asasi zinafuata jiografia hiyo. Pwani kuna uvuvi, mikoko, mwani wa akina mama, kufunga miamba ya pweza kwa msimu, vikundi vya BMU vinavyosimamia fukwe na uvuvi, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa 2009. Juu kuna misitu ya Usambara Mashariki, ambako Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania limefanya kazi na vijiji kwa miaka mingi. Pangani kuna UZIKWASA na redio yao ya Pangani FM, watu wa jinsia na uongozi wa jamii. Mjini kuna YDCP kwa vijana wenye ulemavu, kuna Tree of Hope kwa haki za wanawake na watoto, na kuna miradi ya vijana iliyo chini ya mpango wa Tanga Yetu unaofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi. Halafu kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo watafuta kazi wengi huisahau kwa kuwa si NGO. Tafiti zake za afya mkoani huhitaji wadodosaji na wasimamizi wa takwimu, na mtu aliyepita kwenye utafiti hujifunza nidhamu ya takwimu ambayo asasi nyingi hazina muda wa kumfundisha.

Sisemi yeyote kati ya hao ana nafasi leo. Nasema hao ndio wa kuwajua kwa kazi zao kabla hawajatangaza. Nenda Dar ukiitwa usaili. Kwenda kukaa kwa shangazi Mbagala huku unatuma maombi yaleyale kwa bando lilelile kutakuongezea nauli tu.

Jinsi ya kuwajua. Karibu watu wote hukaa kusubiri tangazo, na tangazo ndiyo hatua ya mwisho. Kwanza shirika huandika andiko, kisha hupata ruzuku, husaini mkataba na mfadhili, na miezi ya mwanzo ndiyo ya kuajiri. Hapo wanakuwa na haraka. Tangazo linakaa wiki mbili, na anayejulikana tayari kwa kazi safi anapata nafasi ya kusomwa vizuri. Basi fuata ruzuku. Foundation for Civil Society hutangaza ruzuku zake hadharani. Asasi ya Tanga ikiwemo kwenye orodha, iandike kwenye daftari lako. Halafu nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji, na wa Muheza na Mkinga ambako tayari unajulikana. Kisheria maafisa hawa ndio wasajili wasaidizi wa NGO kwenye maeneo yao, kwa hiyo wanajua nani ameingia na mradi mpya na uko kata zipi. Usiende na bahasha ya vyeti. Nenda na swali: mashirika gani yanafanya kazi ya vijana au ya afya kwenye wilaya yako, na kikao cha wadau ni lini?

Ukifika kwenye ofisi ya asasi, usiseme "naomba kazi yoyote". Hiyo sentensi inamchosha mpokezi, na jibu lake unalijua: acha CV hapo mezani. Uliza jambo linalojibika ndani ya dakika kumi. "Nimesoma ripoti yenu ya mwaka. Taarifa za vikundi mnakusanya kwa karatasi au kwa simu? Mnakwama wapi?" Watu hupenda kulalamika kuhusu takwimu zao. Utatoka ukijua wanachohitaji, na huenda ukatoka na kazi ya siku tano ya udodosaji. Kazi hizo fupi zichukue. Huwa zinafungua mlango ambao tangazo halifungui.

Mitandaoni chagua vichache. ReliefWeb unaweza kuchuja kwa nchi na ukaletewa matangazo kwa barua pepe. LinkedIn inafaa zaidi kuwaona watu wa mashirika kuliko kuona kazi. Magrupu ya WhatsApp yanaleta matangazo haraka, pamoja na utapeli. Anayekudai elfu ishirini ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kufungua faili" hana kazi, hata nembo yake ikiwa ya shirika unalolijua. Hakiki tangazo kwenye tovuti ya shirika lenyewe kabla hujatuma hata nakala ya kitambulisho.

Sasa CV, na hapa nitakaa kidogo. Mstari ninaokutana nao kila mara ni huu: "Nilishiriki katika utekelezaji wa shughuli za mradi ngazi ya jamii." Hauna uongo, na hauna habari. Uulize: wapi, akina nani, kwa chombo gani, kila baada ya muda gani, kikatokea nini? Ukimaliza utasomeka hivi: "Nilifuatilia wateja waliokosa miadi ya dawa katika kata nne za Muheza. Kila mwezi nililinganisha fomu za ufuatiliaji na rejista ya kituo cha afya, nikaeleza tofauti zilizoonekana, na kuwasilisha ripoti kwa mratibu wa wilaya kabla ya tarehe 5." Kata na tarehe weka zako za kweli. Kama namba huna, eleza utaratibu. Usibuni, kwa sababu swali la pili kwenye usaili hutoka ndani ya namba hiyohiyo.

Na kibanda chako usikifiche. Umekiandika kwenye barua kama mtu anayeomba radhi. Kila jioni unalinganisha fedha taslimu na floti, shilingi ikipungua unaitafuta, unatunza kumbukumbu za miamala ya watu. Msimamizi wa mradi anayesoma hivyo anaona mtu aliyezoea kufunga hesabu kila siku, na mwanya wa tangu 2025 unazibika bila maelezo marefu. Mistari miwili inatosha.

Kurasa mbili zinatosha pia. Tangazo likiwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Kiingereza chako cha kuandika ripoti kitapimwa hata kama kazi yenyewe ni ya Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. Chukua sifa zilizoandikwa "lazima" na uzijibu moja baada ya nyingine kwa mfano. Zile za "itakuwa faida" zisikutishe.

Halafu wadhamini. Hili fanya wiki hii kabla ya mengine yote. Mradi ulipofungwa barua pepe za ofisi zilikufa nao, kwa hiyo ile anuani ya msimamizi wako kwenye CV huenda haifiki popote. Mtafute kwa simu yake binafsi, mwambie unaomba kazi za namna gani, muombe barua inayotaja tarehe na majukumu, na umuulize kama yuko radhi kupigiwa. Muuguzi wa kituo mliyekuwa mkilinganisha rejista naye ni mdhamini mzuri, pengine kuliko mkurugenzi aliyekuona kwenye mikutano tu.

Wadhamini siku hizi wanapigiwa kweli. Mwaka 2018, kashfa ya wafanyakazi wa Oxfam huko Haiti ilipolipuka, mashirika yalilazimika kukaza kamba kuhusu unyanyasaji wa kingono na ulinzi wa watoto. Yapo makubaliano ambayo mashirika yaliyojiunga huwauliza waajiri wako wa miaka mitano iliyopita kuhusu mwenendo wako. Ndiyo maana kwenye usaili hutakosa swali la aina hii: umemwona mwenzako anamchukua binti wa kikundi kwa gari la mradi usiku, utafanya nini? Waombaji wengi hujibu kwamba watamwita wamuonye kirafiki. Jibu hilo linakutoa. Wewe toa taarifa kwa mhusika wa ulinzi ndani ya shirika au kwa njia iliyowekwa, mara moja, usichunguze mwenyewe na usimsimulie mtu mwingine.

Jambo jingine la siri. Maafisa wengi wa ngazi ya jamii walibaki na majina na namba za wateja kwenye simu zao binafsi. Kama unayo, yafute leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu ni nyeti kuliko nyingine. Nimewahi kuona mwombaji akileta fomu zilizojazwa na majina ya wateja kama ushahidi wa kazi yake. Alidhani anajipamba, na jopo likafunga faili lake. Ukitaka kuonyesha kazi, tengeneza fomu tupu au takwimu za kubuni na useme wazi kwamba ni za kubuni.

Nafasi za takwimu huwa na mtihani wa vitendo, kwa hiyo nikufanyie mmoja hapa. Unapewa karatasi tatu za mahudhurio ya mafunzo: Tongoni majina 32, Kirare 28, Pongwe 30. Swali: mradi umewafikia watu wangapi? Wengi hujumlisha, wanaandika 90 na kuweka kalamu chini. Wewe uliyesimamia mafunzo unajua kilichotokea pale mlangoni. Mama wa Tongoni alikuja pia Kirare kwa kuwa ndiko alikoolewa dada yake. Kwa mara ya kwanza kaandikwa jina la baba, mara ya pili kaandikwa Mama Fulani, na namba ya simu ni ileile. Kijana mmoja kasaini mara mbili karatasi hiyohiyo kwa ajili ya nauli. Wengine hawana simu. Basi panga orodha kwa namba ya simu, kisha kwa jina na mtaa, uzitie rangi zinazojirudia. Jibu lako liwe: mahudhurio yaliyoandikwa ni 90, yaliyojirudia ni 7, watu ni 83, kati yao 4 hawana simu na nimewawekea alama wahakikiwe kwa mtendaji. Ongeza mgawanyo wa jinsia na umri. Anayeandika hivyo kwenye Excel ndani ya muda waliopewa wote hupita mbele ya mwenye shahada mbili. Fanya mazoezi na orodha unazotengeneza mwenyewe mpaka vidole vizoee.

Hapo ndipo jibu langu kwa rafiki yako linapotoka. Shahada ya uzamili sasa hivi, kwa fedha za kibanda au kwa mkopo, siishauri. Itakupa karatasi ya kushindania nafasi za juu ambazo zina watu waliozifanya tayari, na bado utaulizwa umesimamia nini. Bodi ya Mikopo tayari itakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukiajiriwa, kama ulisoma kwa mkopo. Kwanza pata miaka miwili ya fani, kisha uzamili utajua wenyewe uwe wa nini. KoboToolbox unaweza kuijifunza bure kwa simu na kompyuta ya kuazima. Excel vilevile.

Kujitolea tena? Ndiyo, kwa masharti, maana ulishajitolea na asasi nyingine hupenda wajitoleaji kuliko waajiriwa. Iwe imeandikwa: unafanya nini, siku ngapi kwa wiki, inaisha lini, nauli na chakula analipa nani, na mwisho wake unapewa barua ya namna gani. Siku mbili kwa wiki, ili kibanda kisife. Wakisema hawaandikishani, wape heshima zao na uondoke.

Mkataba ukija, usome kabla ya kushangilia. Angalia tarehe ya mwisho, mfuko unaolipa mshahara, na kifungu kinachosema ajira inategemea fedha za mfadhili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Muda huo kwako umeshapita, lakini ujue kwa safari nyingine. Hakiki pia michango yako NSSF kama ilipelekwa yote. Lipo fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18, na wengi hawakuwahi kuuliza.

Mshahara: wakikuuliza unataka kiasi gani, kumbuka kwamba kwenye mradi kiasi kilishaidhinishwa kwenye bajeti kabla hujajulikana. Uliza kwa adabu kiwango kilichopangwa kwa nafasi hiyo, kisha sema chako kiko ndani yake. Ukiwa na kiwango cha chini ambacho huwezi kukishuka kwa sababu ya kodi na wazazi, kijue kabla ya kuingia chumbani.

Weka daftari la maombi: tarehe, shirika, nafasi, jibu. Baada ya miezi minne lifungue. Kama huitwi kabisa, kasoro iko kwenye CV na barua, au unaomba nafasi zisizo zako. Kama unaitwa na huchaguliwi, kasoro iko kwenye usaili au mtihani, na unaweza kuwapigia uwaulize. Wachache hujibu, ila wapo. Na kama nafasi za fani yako hazitangazwi kabisa kwenye afya, baki na fani na uhame sekta: vikundi vya mwani na vya misitu navyo vina karatasi za mahudhurio zisizolingana.